Bega la Diwani

Chupa ya Immaculata ilipasuka kabla umande haujakauka, na maji yakapenya kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni mpaka kizingitini. Mukandekezi aliinama, akaokota fungu dogo la nyasi zile, akalipeleka mlangoni penye mwanga. Maji hayakuwa meupe. Yalikuwa na rangi ya majani ya kunde yaliyochemshwa.

 Alizitupa nyasi nyuma ya nyumba, akanawa, akarudi kumshika mkwe wake kiuno.

"Mama, ndio wenyewe huu uchungu?" Immaculata aliuliza. Alikuwa amepiga magoti, ameukumbatia mguu wa kitanda, jasho likimdondoka kidevuni.

"Ndio wenyewe, mwanangu. Pumua."

"Lakini tulisema kesho."

"Tulisema."

Walisema kesho kwa sababu diwani alisema kesho. Kadi ya kliniki ilikuwa imechomekwa kwenye fito za dari, na nesi alikuwa ameipiga mstari mwekundu pembeni, akamwambia Mukandekezi kwa sauti ya mtu anayesema na kiziwi: "Bibi, huyu nyonga zake ni nyembamba. Wa kwanza mlimpoteza. Huyu wa pili azaliwe hospitali, umenisikia? Mpelekeni mapema, msingoje uchungu." Wangempeleka wiki iliyopita. Lakini kwenye mkutano wa kijiji Diwani Placidius alipanda juu ya benchi, akamnyooshea kidole Immaculata aliyekuwa amekaa majanini na tumbo lake, akasema: "Mnamwona mama yule? Barabara inafunguliwa Alhamisi. Ijumaa, yule ndiye mgonjwa wa kwanza wa kijiji hiki kupanda gari. Imekwisha habari ya kubebana mabegani kama magunia. Yule atapanda gari la diwani wake!" Watu walipiga makofi. Immaculata alijifunika uso kwa khanga, akacheka kwa aibu. Na Mukandekezi naye alipiga makofi. Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa sasa, kwamba mikono yake hii hii ilipiga makofi.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Jirani yao Mukabera, aliyezalisha nusu ya watoto wa kitongoji, aliitwa. Alikuja akipangusa ugoro puani, akalipapasa tumbo juu na chini, halafu akatoka nje bila kuomba maji ya kunawa.

"Simgusi," alisema.

"Mukabera wee."

"Simgusi, Mukandekezi. Yule wa kwanza nilimvuta kwa mikono yangu mwenyewe, nikamlaza kwenye jani la mgomba, nikamfukia. Huyu kichwa chake kiko juu kama kimepigiliwa misumari. Anataka kisu cha daktari. Kaite engozi. Mimi nitakaa naye mpaka urudi, lakini simgusi."

Engozi ndivyo Wanyambo, wenyeji wa hapa, walivyoiita. Mukandekezi na wenzake, waliovuka mpaka kutoka Rwanda mwaka ule nyumba zao zilipochomwa moto, waliiita ingobyi, na ilikuwa kitu kilekile: kitanda cha fito kilichosukwa kwa kamba, kirefu kama mtu, chenye miti miwili ya kuweka mabegani. Ilikuwa na kibanda chake penye njia panda. Ilikuwa na sheria zake pia, na hakuna aliyeziandika kwa sababu hakuna aliyezisahau. Filimbi ikilia, kila mwanamume anaacha jembe palepale lilipo. Wanne wanabeba, wengine wanafuata kupokezana. Haibebi mtu mwenye afya, haibebi mzigo. Na ikishatoka na mgonjwa haigeuzwi, hata inyeshe mvua ya mawe, hata mgonjwa mwenyewe alie arudishwe. Kwani engozi inayopanda kurudi nyumbani ina mtu wa aina moja tu juu yake, naye ni maiti. Wanawake wakiiona inapanda kilima wanaanza kulia kabla hawajauliza ni nani.

Mukandekezi alifika kwenye kibanda akitweta. Vigingi viwili vilikuwa vitupu. Chini, kwenye vumbi, palikuwa na nyayo nyingi za wanaume, na zote zilielekea kule barabara ilikoishia, nyumbani kwa diwani.

Alifunga khanga yake vizuri kiunoni, akashuka.

Kila mtu wa Kihanga na kando kando yake alimjua Placidius alikotoka. Ubaya ni kwamba kujua hakukusaidia. Baba yake, mzee Telesfori, zamani za watwale, wale machifu wadogo, alikuwa mtu wa kukusanya vibuyu vya pombe ya ndizi kwa wapangaji wa mashamba na kuvipeleka kwa mkubwa, na kila kibuyu alikionja njiani, kwa uangalifu, asije mkubwa akalishwa sumu. Alifika barazani akiwa ameonja sana. Watwale walifutwa, Telesfori akafa, mdomo wake ukabaki kwa mwanawe.

Vita vya Amini vilipokuja, kila kaya ilitoa mkungu wa ndizi kwa ajili ya askari. Mukandekezi alitoa mikungu miwili, kwa kuwa mumewe alikuwa hai na walitaka waonekane watu wa hapa. Placidius ndiye aliyekuwa msimamizi wa michango. Ndizi zile ziliiva kabla hazijafika kwa askari yeyote, na zilipoiva ziligeuka rubisi, na ile rubisi ilinywewa Omurushaka kwenye kilabu cha shemeji yake. Vita vilipokwisha, yeye aliyekuwa hajausikia mzinga hata mmoja alianza kuvaa sweta la jeshi, jua kali, mvua, kanisani, popote. Alilinunua mnadani.

Baada ya hapo akawa katibu wa engozi. Kazi ya katibu ilikuwa kupuliza filimbi na kusoma majina ya waliochelewa. Mwaka baada ya mwaka watu walimwona akitangulia mbele ya machela, filimbi mdomoni, akipunga mkono ng'ombe wapishe njia. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuuona mti wa engozi ukikaa juu ya bega lake. Wabebaji wana alama: nundu ngumu ya ngozi nyeusi begani, kama ya ng'ombe wa plau. Placidius alikuwa na kovu, ndiyo. Alilipata siku alipoanguka na baiskeli akitoka kilabuni. Lakini wakati wa uchaguzi, mwaka jana, alifungua vifungo vya shati mbele ya mkutano mzima, akalitoa bega nje, akaligeuza huku na huku watu walione.

"Bega hili," alisema, "limewabeba mama zenu!"

Na watu waliojua habari ya baiskeli, baadhi yao waliomwokota mtaroni siku ile, walimchagua. Mpinzani wake alikuwa mwalimu mmoja mwenye kigugumizi. Placidius alipewa alama ya jembe, yeye ambaye jembe la mwisho kulishika alilishika kulipeleka rehani.

Aliahidi barabara na daraja. Wanaume walichimba barabara kwa msaragambo, kila Jumatatu, anayekosa anaandikwa. Kila kaya ilitoa mti wake wa mkaratusi kwa ajili ya daraja la mtoni. Barabara ilipanda vizuri kutoka mtoni, ikapinda kilimani pasipo na sababu ya kupinda, ikafika kwenye geti la Placidius, ikafia hapo. Kitongoji cha akina Mukandekezi kilikuwa mbele zaidi, nusu saa ya kupanda. Ama mikaratusi, ukitaka kuihesabu, inua macho ulitazame paa la diwani: ipo yote, imechongwa, imepakwa oili chafu mchwa wasiile. Mtoni palibaki magogo mawili ya zamani yaliyooza katikati.

Hapo mtoni ndipo lori lililoleta makochi mapya ya diwani, ya kumkalisha mgeni wa kufungua barabara, lilipokwama ng'ambo, kama ambavyo kila mtu isipokuwa diwani alijua litakwama.

Mukandekezi aliwakuta wanaume kwenye mwinuko wa kutoka mtoni. Kwanza aliona nailoni ikimetameta juani, kisha akaona kochi: kochi refu la watu watatu, jekundu, limefungwa nailoni ya kiwandani, limelazwa juu ya engozi na kukazwa kwa kamba. Chini yake walikuwa wanaume wanne wamepinda migongo. Mbele kulia alikuwa mzee Twagirayezu, kiongozi wa wabebaji, mwenye nundu kubwa kuliko wote. Nyuma kushoto alikuwa Evaristi, mwanawe Mukandekezi, mume wa Immaculata. Wengine walifuata na makochi madogo vichwani, kama siafu.

Diwani alitangulia, akitembea kinyumenyume kama mtu anayeongoza lori. Kaunda suti mpya. Filimbi shingoni.

"Taratibu! Taratibu mguu huo! Twagirayezu, ukiligusisha mti hilo utalinunua wewe? Mkuu wa wilaya akalie nini, akalie kigoda cha bibi yako?"

Mukandekezi alipiga goti pembeni mwa njia. Alimzidi Placidius miaka kumi.

"Shikamoo, Ndugu Diwani."

"Marahaba, mama," alijibu bila hata kupepesa jicho. "Umekuja kutusaidia kubeba?"

Wawili watatu wenye makochi madogo walicheka. Evaristi hakucheka. Alimtazama mama yake miguuni, akaona amekuja peku.

"Immaculata ana uchungu," alisema Mukandekezi. "Chupa imepasuka. Maji yake ni mabaya. Naomba engozi."

Placidius alitazama saa yake ya mkononi, halafu akamtazama Mukandekezi kama aliyekosea tarehe.

"Leo? Si tulisema Ijumaa?"

"Mtoto hakuwepo mkutanoni, Ndugu Diwani."

"Mama, usinifanyie mzaha mbele ya watu." Alishusha sauti, akawa mpole, upole wake ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Mimi siyo mnyama. Mimi ndiye niliyemtaja huyo mtoto wa watu mkutanoni, au sikumtaja? Lakini mgeni anafika saa sita. Likishaingia ndani hili, chukueni kitanda chenu. Dakika kumi. Mwanamke hazai kwa dakika kumi."

"Na lile lori?"

"Limekwenda Omurushaka kuleta soda. Unataka wageni wanywe nini?"

Kochi liliinama upande mmoja. Evaristi alikuwa ametoa bega.

"Evaristi!" Filimbi ilirukaruka kifuani mwa diwani. "Rudisha bega!"

"Ni mke wangu, Ndugu Diwani."

"Nani amekataa kuwa ni mke wako? Rudisha bega, tuzungumze kama watu. Barua yako ya ukaazi iko wapi?"

Evaristi aliushikilia mti kwa mikono, bega bado nje.

"Niulize mimi nikuambie. Iko mezani kwangu. Yako, na ya Twagirayezu, na za hawa wote unaowaona hapa. Hazijapigwa muhuri. Wakubwa wakija kuniuliza, huyu ni mtu wetu au ni mkimbizi, niseme nini? Niseme namjua? Au niseme nilimwona mara ya mwisho akiangusha mali yangu mtaroni?"

"Nimezaliwa hapa. Unanijua tangu sina meno."

"Kuzaliwa hapa ni mimi nitakayesema kama umezaliwa. Beba."

Evaristi aliubeba. Mukandekezi aliliona bega la mwanawe likiingia chini ya mti, taratibu, kama mtu anayeingia mwenyewe kwenye kaburi alilochimba.

Mzee Twagirayezu alisema bila kugeuka, kwa kuwa mwenye mti shingoni hawezi kugeuka: "Ndugu Diwani, engozi haibebi mzigo. Tangu asubuhi nimekuambia."

"Na mimi tangu asubuhi nimekuambia, katibu wa engozi alikuwa nani? Sheria nazijua. Twende."

Walikwenda. Mukandekezi alitembea kando yao, akihesabu hatua kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya na kichwa chake.

Nyumbani kwa diwani palikuwa pamepambwa. Juu ya geti lilisimamishwa tao la migomba na maua ya karatasi. Kwenye ngazi alikaa mpiga picha aliyeletwa kutoka mjini Kayanga, Ramadhani, mtu wa ukoo wa pwani, mwenye kofia ya kiua na kamera kifuani. Alimwona Mukandekezi, akasogea.

"Shikamoo bi mkubwa. Keti basi kivulini."

"Marahaba, baba. Siwezi kuketi."

Kochi halikuingia mlangoni.

Walilipeleka kwa ubapa, likagoma. Walilisimamisha, likagota kwenye fremu juu. Mke wa diwani, Felicitas, alitoka ndani na kitambaa cha kudeki, akapiga kelele kwamba wasikanyage sementi yake na miguu yenye matope; basi wakawa wanafutwa matope mmoja mmoja huku wengine wameshikilia kochi hewani. Diwani aliagiza miguu ya kochi ifunguliwe. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Aliagiza mlango ung'olewe bawaba. Ulipong'olewa, kochi liliingia nusu, likakaza, halikwenda mbele wala halikurudi nyuma. Kivuli cha nguzo ya baraza kilihama kutoka ngazi ya kwanza, kikafika ya tatu.

"Sukuma!" alisema Placidius.

"Limebana, Ndugu Diwani."

"Mmezoea kusukuma vyakula tumboni tu. Sukuma!"

Engozi ilikuwa imelala uani, imeachwa na kamba zake. Mukandekezi aliitazama. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha, zikazaa dakika kumi nyingine, na hizo nazo zikazaa. Aliinama, akashika miti miwili kwa upande mmoja, akaanza kuiburuta kuelekea getini. Ilikuwa nzito. Miti ilichora mistari miwili kwenye changarawe ya diwani iliyofagiliwa.

"Mama! Hiyo ni mali ya kijiji!"

 Aliipitisha chini ya tao, akageuka kuushika mlima. Mwili wake mdogo ulipinda mpaka kichwa kikakaribia magoti.

Wa kwanza kuliachia kochi alikuwa mzee Twagirayezu. Hakulitupa. Alitoa mikono yake tu, kama mtu aliyemaliza kunawa, akashuka ngazi. Wengine wakatoka mmoja mmoja. Evaristi alikuwa upande wa ndani. Alilazimika kupita chini ya kochi kwa tumbo, akatoka na vumbi la sementi usoni, akakimbia. Nyuma yao filimbi ililia, ikalia, ikalia, mlio uleule uliokuwa ukiwaita kila siku kwenda kwa mgonjwa. Wawili walisita. Waliobaki walikuwa wameshaipokea engozi mikononi mwa Mukandekezi, na wale wawili nao wakawafuata.

Walimkuta Immaculata amelala ubavu. Midomo ilikuwa myeupe. Mukabera alikuwa amemshika mkono, na alipowaona alisema jambo moja tu: "Mmekwenda kuukata mti wa kutengenezea engozi?"

Walimfunika mablanketi mawili, wakamfunga kwa kamba zilezile zilizofunga kochi. Kipande cha nailoni kilikuwa kimenasa kwenye fundo, na hakuna aliyekitoa. Mukabera na wanawake wa kitongoji walibaki ukingoni mwa migomba, mikono kifuani, wakiwaangalia wanavyoshuka.

Wabebaji walikwenda mwendo wao wa kazi, ule wa kukimbia bila kukimbia, magoti yamelegea ili mgonjwa asitikiswe. Twagirayezu alihesabu kwa sauti ndogo. Mukandekezi alishika mkono wa Immaculata. Kila uchungu ulipokuja mkono ulikaza, na Mukandekezi aliuona huo kuwa ujumbe mzuri. Baadaye aligundua kwamba ulikuwa unakaza kidogo kuliko mwanzo.

Kulikuwa na njia moja tu ya kwenda mtoni, na ilipita getini kwa diwani.

Mgeni alikuwa ameshakuja na ameshaondoka. Walielezwa na watu waliosimama njiani, wakibeba makochi madogo ambayo sasa hawakujua wayapeleke wapi. Landrova ya mkubwa ilifika ng'ambo ya mto, mkubwa akashuka, akayatazama magogo mawili yaliyooza, akavuta sigara, akavuta nyingine, akauliza daraja liko wapi, akapanda gari, akageuza. Sigara mbili. Mukandekezi alifanya hesabu hiyo akitembea. Kama wangekuwa mtoni wakati wa sigara ya kwanza, au hata ya pili.

Placidius alikuwa amesimama njiani peke yake, hatua kadhaa chini ya geti. Nyuma yake, mlango wa nyumba ulikuwa na kochi jekundu nusu nje nusu ndani, kama ulimi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kibao kanisani. Placidius alipoiona engozi, Mukandekezi alijikaza kusubiri matusi. Lakini diwani aliwatazama, akaitazama kamera iliyoning'inia kifuani mwa Ramadhani, na kitu kikatembea usoni mwake, kikapata mahali pa kukaa.

"Wanangu," alisema. Alikuja mbio mbio. "Nisaidieni nami nibebe. Ni mgonjwa wangu huyu. Evaristi, pole sana ndugu yangu. Nipe hapo."

Kabla Evaristi hajajua la kufanya, diwani alikuwa ameingiza bega chini ya mti. Lile lile lenye kovu. Ni nani atamkataza mtu kubeba mgonjwa? Engozi ililala upande wake mara moja, kwa kuwa hakujua kulegeza magoti, na Immaculata akaguna. Evaristi alibaki pembeni, mikono mitupu, mti wake umechukuliwa.

"Ramadhani! Piga. Piga tukitembea."

Ramadhani aliinua kamera, akaishusha. "Haifai, ndugu yangu. Jua liko nyuma yenu, mtatoka weusi wote. Na hapo hakuna kitu, ni mtaro tu." Alipangusa jasho chini ya kofia. "Mngekuwa kule, kwenye tao, mmeelekea juu, mwanga ungewapiga usoni. Lakini basi tu. Wapitisheni mgonjwa."

Tao lilikuwa nyuma yao, hatua thelathini, kwenye mpando.

"Turudi kwenye tao," alisema diwani.

Hakuna aliyesogea. Nzi walitua kwenye blanketi.

"Haigeuzwi," alisema Twagirayezu.

"Hatua thelathini, mzee."

"Hata moja. Wewe ulikuwa katibu. Unajua."

"Ninajua, ndiyo. Na ninajua Jumatatu nakaa mezani na muhuri, nina barua za watu hapa mbele yangu. Nani anataka nimsahau?" Alisema hivyo akiwa na mti begani, akihema, mishipa ya shingo imemtoka. Ilionekana ni kweli mzigo ulikuwa mzito kwake. "Picha moja iende wilayani. Waone barabara ya nini, daraja la nini. Waone mgonjwa. Ni kwa faida yenu, mnanielewa? Nikipata daraja, nalipata kwa picha hii."

Mukandekezi alisema, "Placidius." Hakusema Ndugu Diwani. "Mwana wa Telesfori. Nakuomba. Mpitishe mtoto wangu."

"Mama, unatuchelewesha wewe."

Twagirayezu alimtazama Evaristi. Evaristi alikuwa anatazama mti, mahali pale ambapo bega lake lilikuwa limeusugua miaka mingi mpaka ukang'aa, na ambapo sasa palikuwa na kitambaa cha kaunda suti.  Mzee alifumba macho. Halafu alianza kuzungusha miguu, polepole, mguu huu, mguu huu, na wenzake wakazunguka naye, na engozi ikageuka njiani pamoja na aliyekuwa juu yake, ikaelekea mlimani.

Walipanda. Mukandekezi alitembea akiwa ameshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi na unyevu, na hakuweza tena kusema kama ulikuwa unakaza au ni yeye aliyekuwa anakaza.

Walipofika chini ya tao, diwani alinyoosha mgongo, akainua kidevu. "Hapa?"

"Hapo hapo. Mzee wa mbele, sogea kidogo, unamfunika ndugu diwani." Ramadhani aliinama kwenye kamera. 

Ndipo sauti ilipoanza. Kwanza ilikuwa moja, juu kabisa, ukingoni mwa migomba, na Mukandekezi aliitambua kuwa ya Mukabera. Kisha ya pili. Kisha wanawake wote wa kitongoji, waliokuwa bado wamesimama wakiangalia bonde, wakaiona engozi inapanda. Kilio kilishuka kilima kama maji.

Immaculata alifungua macho nusu. Yalikuwa yanatafuta mbinguni, katikati ya maua ya karatasi.

"Mama," alisema, "wanamlilia nani?"

Kamera ililia kama kifungo kinachofungwa.

"Tayari," alisema Ramadhani. Alizungusha filamu, akainua kichwa bila kumtazama mtu yeyote. "Labda moja tena, ndugu diwani. Hapo ulifumba macho."